Programu ya Java ikigoma kufunguka kwenye Windows: Mambo ya kukagua kabla ya kuisafisha kompyuta

Na Mwandishi Wetu

MTUMIAJI anabofya mara mbili alama ya programu yake ya hesabu, mshale wa kipanya unazunguka kwa sekunde mbili au tatu, kisha kimya. Hakuna dirisha linalofunguka wala ujumbe unaoeleza kilichotokea. Anabofya tena na tena, lakini hali inabaki ile ile.

Jambo hili huwakuta watumiaji wengi wa kompyuta zenye mfumo endeshi wa Windows wanapotumia programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Wengi huamua haraka kwamba kompyuta imeingiwa na virusi au kwamba programu imekufa. Huitwa fundi, na suluhisho lake la kwanza huwa ni kusafisha diski na kuweka Windows upya, kazi ambayo mitaani hujulikana kama ‘kupiga Windows’.

Gharama ya uamuzi huo huonekana baadaye. Programu nyingi za Java huweka kumbukumbu zake ndani ya diski hiyo hiyo. Ikisafishwa kabla ya kunakiliwa, orodha ya wateja, hesabu za mishahara au utafiti wa mwanafunzi hupotea pamoja na hitilafu iliyokusudiwa kuondolewa.

Ukweli ni kwamba aghalabu programu yenyewe huwa nzima. Kinachokosekana ni mkalimani kati yake na Windows, au mkalimani yupo lakini si yule anayehitajika. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua upande wenye kosa, hatua kwa hatua, bila kugusa kumbukumbu za mtumiaji.

Java na mkalimani wake

Java ilizinduliwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, ikiwa ni kazi ya wahandisi walioongozwa na James Gosling. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilinunuliwa na Oracle, ambayo ndiyo inayomiliki jina la Java hadi leo.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza: programu iandikwe mara moja, kisha iweze kutumika kwenye kompyuta ya aina yoyote. Ili hilo liwezekane, programu ya Java haisemi na Windows moja kwa moja. Husema lugha ya kati, na ndani ya kompyuta lazima awepo mkalimani wa kuipokea lugha hiyo na kuifikisha kwa Windows. Mkalimani huyo ndiye anayekusudiwa watu wanaposema kompyuta fulani ‘ina Java’.

Programu nyingi za aina hii huja kama faili moja ambalo jina lake huishia na ‘.jar’. Kimsingi faili hilo ni furushi lililobanwa, mfano wa mafaili ya ‘zip’, lenye sehemu za programu ndani yake.

Mfano mmoja ni JOSM, programu ya kuchorea ramani za OpenStreetMap. Zana za OpenStreetMap ndizo zilizotumika katika mradi wa Ramani Huria ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishiriki kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. JOSM hupatikana kama faili liitwalo ‘josm-tested.jar’, nasi tutalitumia faili hilo kama mfano wetu.

Programu ya namna hii ikigoma, maswali ya msingi ni manne. Je, mkalimani yupo? Je, ni wa toleo linalofaa? Je, Windows inajua mahali alipo? Na je, faili lenyewe ni zima?

Ukimya una sababu yake

Windows humwita mkalimani wa Java kwa njia mbili. Ya kwanza ni faili ‘java.exe’, ambalo huandika ujumbe wake wote katika dirisha la amri, lile dirisha jeusi la maandishi. Ya pili ni ‘javaw.exe’, ambalo halina dirisha la maandishi, na ndilo linalotumika mtu anapobofya faili la ‘.jar’ mara mbili.

Hapo ndipo ukimya unapoanzia. Kosa likitokea, ‘javaw’ haina mahali pa kuliandika, hivyo hufa kimya kimya. Wakati mwingine hutoa kisanduku kidogo chenye maneno “A Java Exception has occurred”, ambayo hayamwambii mtumiaji lolote la maana.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza si kurekebisha, bali ni kuifanya programu iseme. Fungua folda yenye faili la programu. Bofya kwenye upau wa anwani ulio juu ya dirisha la folda hiyo, futa maandishi yaliyomo, andika ‘cmd’ kisha gonga Enter. Dirisha la amri litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo.

Humo andika ‘java -jar josm-tested.jar’, ukiweka jina la faili lako mahali pa hilo la mfano. Endapo jina la faili lina nafasi katikati, lizungushie alama za kunukuu. Gonga Enter na usome kinachotokea.

Programu ikifunguka kwa njia hii ilhali kwa kubofya haifunguki, basi programu na mkalimani ni wazima, na tatizo liko kwenye jinsi Windows inavyolishughulikia faili la ‘.jar’. Isipofunguka, ujumbe utakaotokea ndio utakaoonyesha njia. Unakili au upige picha kwa simu kabla ya kufunga dirisha.

Je, Java ipo?

Katika dirisha hilo hilo andika ‘java -version’. Java ikiwapo, utaona mistari mitatu: wa kwanza una namba ya toleo, na wa mwisho hutaja ‘64-Bit’ iwapo Java hiyo ni ya biti 64. Maneno hayo yasipoonekana, uliyonayo ni ya biti 32.

Zingatia kwamba Java 8 hujitambulisha kwa namba inayoanza na ‘1.8’. Kuanzia Java 9 ya mwaka 2017 utaratibu ulibadilika, hivyo ‘17’ ni Java 17 na ‘21’ ni Java 21. Wapo wanaoona ‘1.8’ wakadhani wana toleo la kwanza kabisa.

Endapo badala ya mistari hiyo utaona maneno “'java' is not recognized as an internal or external command”, maana yake ni kwamba Windows haikumpata mkalimani. Yamkini hajawahi kuwekwa, au amewekwa lakini Windows haijaelekezwa alipo.

Ili kutofautisha mambo hayo mawili, angalia ndani ya ‘C:\Program Files’ kama kuna folda ya ‘Java’ au ya ‘Eclipse Adoptium’. Angalia pia ‘C:\Program Files (x86)’, ambako huwekwa programu za biti 32. Usipokuta kitu, yamkini Java haipo na inapaswa kusakinishwa.

Ukiikuta, tatizo ni orodha ya Windows iitwayo ‘Path’, ambayo hutaja folda za kutafutia programu. Katika sehemu ya kutafutia ya Windows andika ‘environment variables’ na ufungue kinachotokea, kisha bonyeza kitufe cha ‘Environment Variables’. Chagua ‘Path’, bonyeza ‘Edit’ halafu ‘New’, na uongeze anwani ya folda ya ‘bin’ iliyo ndani ya folda ya Java. Usifute anwani nyingine zilizomo. Baada ya hapo funga dirisha la amri na ulifungue upya, kwa kuwa lililokuwa wazi halitayaona mabadiliko.

Baadhi ya programu haziangalii ‘Path’ bali kipengele kingine kiitwacho ‘JAVA_HOME’. Hiki hutakiwa kutaja folda kuu ya Java, si ile ya ‘bin’. Mara nyingi huachwa kikielekeza kwenye folda ya toleo la zamani lililokwisha kuondolewa, na programu ikigonga mlango huo hukuta hakuna mtu.

Toleo lisilolingana

Pengine hii ndiyo sababu inayowasumbua watu wengi zaidi. Tangu mwaka 2018, toleo jipya la Java hutoka kila baada ya miezi sita, mwezi Machi na Septemba. Yapo machache yanayopewa matunzo ya muda mrefu: Java 8 ya mwaka 2014, Java 11 ya mwaka 2018, Java 17 ya mwaka 2021, Java 21 ya mwaka 2023 na Java 25 ya mwaka 2025.

Programu iliyotengenezwa kwa toleo jipya haiwezi kusomwa na mkalimani wa zamani. Ujumbe wake ni ‘UnsupportedClassVersionError’, na ndani yake huwa na namba mbili. Ya kwanza ni ya toleo lililotumika kuitengeneza programu, na ya pili ni kikomo cha Java iliyomo kwenye kompyuta.

Kuzisoma namba hizo ni rahisi: toa 44. Namba 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21 na 69 ni Java 25. Kwa hiyo ujumbe ukitaja 61 na 52, programu yako inahitaji angalau Java 17 ilhali kompyuta ina Java 8.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa huapa kwamba wamepakua Java mpya jana tu. Sababu ni kwamba tovuti ya java.com, ambayo watu wengi huikimbilia, kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa watumiaji wa kawaida Java 8 yenye marekebisho mapya. Tarehe ni ya jana, lakini toleo ni lile la mwaka 2014.

Wachezaji wa Minecraft, toleo la Java, waliyaona hayo kwa macho yao. Mchezo huo ulihitaji Java 16 ulipofika toleo la 1.17 mwaka 2021, ukataka Java 17 kwa toleo la 1.18 mwaka huo huo, kisha Java 21 kwa toleo la 1.20.5 mwaka 2024.

Kinyume chake pia hutokea. Programu ya zamani inaweza kumkataa mkalimani mpya, kwa sababu Java 11 iliondoa baadhi ya vitu vilivyokuwa ndani ya Java 8, na matoleo ya kuanzia Java 16 yalifunga milango ya ndani ambayo programu nyingi zilikuwa zikipitia bila ruhusa. Ukiona ‘NoClassDefFoundError’ ikifuatiwa na maneno ‘javax/xml/bind’, au ukiona ‘InaccessibleObjectException’, fahamu kwamba Java yako ni mpya kuliko programu. Ikiwa ujumbe unataja ‘javafx’, tafuta Java iliyofungashwa pamoja na sehemu hiyo, kama vile Liberica ya aina ya ‘Full’ au Zulu ya aina ya ‘FX’.

Habari njema ni kwamba matoleo mawili au matatu ya Java yanaweza kukaa katika kompyuta moja bila ugomvi. Hakuna haja ya kuondoa Java 21 inayotumiwa na programu moja ili kuiridhisha nyingine inayotaka Java 8. Ukiandika ‘where java’ katika dirisha la amri utaona zote zilizo kwenye ‘Path’, na ile inayotajwa kwanza ndiyo Windows inayoitumia.

Ili programu moja itumie Java yake mahsusi, fungua Notepad na uandike mstari mmoja wenye anwani kamili ya ‘java.exe’ unayoitaka ndani ya alama za kunukuu, ufuatiwe na ‘-jar’ na anwani kamili ya faili la programu. Hifadhi kwa jina linaloishia na ‘.bat’, kwa mfano ‘anza.bat’. Tangu hapo utabofya faili hilo badala ya lile la ‘.jar’.

Biti na kumbukumbu

Jambo jingine la kukagua ni biti. Windows ya biti 64 huweza kuendesha Java ya biti 32, lakini Java hiyo haiwezi kutumia sehemu za programu zilizotengenezwa kwa biti 64, wala Java ya biti 64 haiwezi kutumia zile za biti 32. Ujumbe utakaouona utataja faili la ‘.dll’ na kusema kuwa haliwezi kupakiwa.

Java ya biti 32 ina upungufu mwingine. Kwenye Windows, aghalabu haiwezi kupata zaidi ya takriban gigabaiti 1.5 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, hata kama kompyuta ina gigabaiti 16. Programu ikiomba zaidi hukataliwa kwa maneno “Could not reserve enough space for object heap”, yakifuatiwa na “Could not create the Java Virtual Machine”.

Kiasi kinachoombwa huandikwa kwa herufi ‘-Xmx’ zikifuatiwa na namba, kwa mfano ‘java -Xmx2g -jar josm-tested.jar’ kwa gigabaiti mbili. Kama kompyuta ni ya kumbukumbu ndogo, punguza namba hiyo. Kama ni kubwa lakini Java ni ya biti 32, badilisha Java.

Ikumbukwe kwamba Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na kwa upande wa Java, toleo la biti 32 kwa ajili ya Windows liliondolewa kuanzia Java 24 iliyotoka Machi 2025. Mwenye kompyuta ya zamani ya biti 32 hana budi kubaki na matoleo ya nyuma.

Wakati mwingine kosa limeachwa na mtu mwingine. Ukiona mstari unaoanza na “Picked up _JAVA_OPTIONS”, kuna programu au fundi aliyeweka amri ya kudumu kwa Java zote za kompyuta hiyo, na yawezekana kiasi cha kumbukumbu kilichotajwa humo ndicho kinachozuia kazi. Amri hiyo hupatikana katika dirisha lile lile la ‘Environment Variables’.

Faili likishikwa na programu nyingine

Kwa kuwa faili la ‘.jar’ ni furushi lililobanwa, programu za kufungulia mafurushi kama WinRAR huweza kulichukua kuwa lao. Mtumiaji akibofya, badala ya programu kuanza huona orodha ya folda na mafaili asiyoyaelewa.

Dawa yake ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kuchagua ‘Open with’, kisha kuchagua Java na kuiamuru Windows iitumie siku zote. Endapo Java haionekani katika orodha hiyo, au bado panabaki kimya, njia nyepesi ni kusakinisha Java upya. Kisakinishi cha Eclipse Temurin, kwa mfano, huuliza kama kihusishwe na mafaili ya ‘.jar’ na kama kiongezwe kwenye ‘Path’. Kubali yote mawili.

Faili lenyewe likiwa na kasoro

Maneno “Unable to access jarfile” humaanisha kwamba jina limekosewa au uko katika folda nyingine. Maneno “no main manifest attribute” humaanisha kuwa faili ulilonalo si la kuanzishia programu, pengine ni kipande tu cha programu kubwa zaidi. Maneno “Invalid or corrupt jarfile” mara nyingi humaanisha upakuaji ulikatika kabla ya kukamilika. Linganisha ukubwa wa faili lako na ule uliotajwa na mtengenezaji, kisha upakue upya.

Kosa jingine la kawaida hutokea mtu anapohamisha programu kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Huchukua faili la ‘.jar’ peke yake na kuiacha folda ya ‘lib’ iliyokuwa jirani, ilhali humo ndimo zilimokuwa sehemu nyingine za programu. Huko lilikokwenda hutoa ‘NoClassDefFoundError’ au ‘ClassNotFoundException’. Hamisha folda nzima, si faili moja.

Programu iliyofunguka vizuri jana ikagoma leo hutaka uangalifu wa aina yake. Kwanza bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, uone katika ‘Details’ kama ‘javaw.exe’ bado inaendelea kwa siri. Baadhi ya programu hukataa kufunguka mara ya pili maadamu ile ya kwanza haijafungwa. Kama unatumia programu zaidi ya moja za Java, funga nyingine kwanza usije ukaua isiyohusika.

Pili, mipangilio ya programu yaweza kuwa imeharibika, hasa umeme ukikatika kazi ikiendelea. Mipangilio hiyo mara nyingi hukaa ndani ya folda ya mtumiaji. Ile ya JOSM, kwa mfano, hupatikana kwa kuandika ‘%APPDATA%’ kwenye upau wa anwani. Usiifute folda hiyo. Ibadilishe jina tu, kisha jaribu tena. Programu ikifunguka, umekwisha kujua tatizo na kumbukumbu zako bado zipo.

Mlinzi anayezuia mwenye nyumba

Programu za kuzuia virusi nazo huweza kulitia faili kizuizini bila kelele. Fungua historia ya antivirusi yako uone kama jina la programu limo. Hata hivyo, usiruhusu faili ambalo hujui lilikotoka. Ikiwa ulipewa na mtu kwa flashi, pakua upya kutoka kwa mtengenezaji.

Kwa wale wanaotafuta programu zilizokuwa zikifunguka ndani ya vivinjari vya intaneti, hakuna dawa upande wao. Chrome iliacha kuzipokea mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017, baada ya miaka ya wasiwasi wa kiusalama ambao Januari 2013 uliifanya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani kuwashauri watumiaji kuizima Java katika vivinjari. Programu za mafaili ya ‘.jnlp’ nazo zilipoteza mwanzishaji wake Java 11 ilipotoka mwaka 2018. Taasisi inayozitegemea inapaswa kudai toleo jipya kutoka kwa aliyeitengeneza.

Java ipakuliwe wapi?

Matangazo ya intaneti yanayodai kwamba ‘Java yako imepitwa na wakati’ ni mtego wa siku nyingi. Usisakinishe Java kutoka kwenye tangazo, wala kutoka kwenye tovuti inayokusanya programu za kila aina.

Kwa ofisi, pana suala la leseni pia. Tangu Aprili 2019, marekebisho mapya ya Java 8 ya Oracle yanahitaji malipo kwa matumizi ya kibiashara, ingawa ni bure kwa matumizi binafsi. Januari 2023 Oracle ilianzisha utaratibu wa malipo unaohesabu wafanyakazi wote wa taasisi, si wale tu wanaotumia Java.

Njia isiyo na mashaka ni Java huria itokanayo na mradi wa OpenJDK, ambayo ni bure hata kwa biashara. Miongoni mwake ni Temurin ya Adoptium, Corretto ya Amazon na ile inayotolewa na Microsoft. Kwa kazi nyingi za kawaida mkalimani ni yule yule. Kinachotofautiana ni masharti.

Aidha, watengenezaji wengi siku hizi huifungasha Java ndani ya programu zao, hasa baada ya zana ya kazi hiyo kukamilika katika Java 16 ya mwaka 2021. Kama mtengenezaji wa programu yako anatoa toleo la namna hiyo, lichague hilo na sehemu kubwa ya matatizo haya haitakuhusu.

Kabla ya kumwita fundi

Yote yakishindikana, msaada wa fundi ni wa lazima. Lakini nakili kwanza folda yako ya mtumiaji na folda ya programu kwenye diski ya nje, na uthibitishe kwamba mafaili yanafunguka huko yalikonakiliwa.

Kisha mpe fundi mambo manne: jina na toleo la programu, matokeo ya ‘java -version’, ujumbe kamili uliotokea kwenye dirisha la amri, na lililobadilika tangu siku ya mwisho programu ilipofunguka. Fundi mzuri atayafurahia, kwani yatamwondolea saa nzima ya kubahatisha.

Na fundi ambaye hata kabla ya kuyasoma anapendekeza kupiga Windows, muulize swali moja: kosa liko wapi? Kama hawezi kulitaja, diski yako na ibaki kama ilivyo hadi atakapopatikana wa kulitaja.